Nyuzi 1.5: mwaka mmoja hauvunji kikomo

Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka mwingine wowote tangu vipimo vianze. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria kuwa wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzi 1.55 za Selsiasi. Je, kikomo cha Makubaliano ya Paris kimevunjwa? Bado.

Makubaliano hayo ya Desemba 2015 yanataka ongezeko hilo la joto lisikaribie nyuzi 2, na juhudi zifanywe lisipite 1.5. Kinachohesabiwa ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 20, kwa kuwa mwaka mmoja huweza kupandishwa na El Niño, yaani ongezeko la muda la joto katika Bahari ya Pasifiki, kama ilivyotokea 2023 na 2024. Ikiisha, joto hushuka kidogo. Ila hewa ukaa, inayoipasha dunia joto, haishuki nalo. Sehemu yake hubaki angani kwa karne nyingi, na El Niño ijayo huikuta bahari ikiwa na joto zaidi.

Tofauti ya nusu nyuzi kati ya 1.5 na 2 si ndogo hata kidogo. Chukua matumbawe. Tumbawe ni mnyama anayefuga mwilini mwani mdogo unaompa chakula na rangi. Maji yakizidi joto la juu la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, wiki kadhaa mfululizo, tumbawe huutoa mwani huo, akabaki mweupe, na joto lisipopungua hufa njaa. Pwani ya Kenya na ya Kisiwa cha Mafia, Tanzania, ziliyaona hayo mwaka 1998. Wanasayansi wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, walikadiria mwaka 2018 kuwa dunia ikifika 1.5, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe yatapotea. Ikifika 2, zaidi ya asilimia 99. Kwa mvuvi wa changu na tasi, samaki wanaopatikana kwenye matumbawe, hiyo ni tofauti ya kupata kidogo na karibu kukosa kabisa.

Hatua zimepigwa, tusizibeze. Kabla ya Paris dunia ilielekea zaidi ya nyuzi 3. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, ilikadiria mwaka 2025 kuwa sera zilizopo zinatupeleka 2.8, na ahadi zote zikitimizwa, 2.3 hadi 2.5. Ripoti hiyo pia inakiri kuwa kuna uwezekano mkubwa 1.5 ikapitwa ndani ya muongo ujao. Swali lililobaki ni itapitwa kwa kiasi gani na kwa muda gani, na muda huo ndio unaoamua hatima ya miamba ya matumbawe, kwani mwamba uliopauka vibaya huhitaji miaka kumi au zaidi kupona.