Fidla Hainunuliwi kwa Lebo

Mzazi anapomtafutia mwanawe fidla, huuliza kwanza imetoka kampuni gani, kisha bei. Maswali yote mawili yana maana, lakini hakuna hata moja linaloeleza kama mtoto ataweza kuipiga. Linaloamua ni jingine: fidla hii imerekebishwa ikawa tayari kwa mpigaji, au imetolewa tu kwenye boksi? Kwa mwanafunzi, fidla ya bei ya wastani iliyopita mikononi mwa fundi huishinda fidla ya jina kubwa ambayo haijaguswa, na ndiyo maana sehemu ya fedha za kununulia inapaswa kutengwa mapema kwa ajili ya marekebisho, nyuzi na upinde. Sababu iko katika namna chombo hiki kilivyojengwa. Daraja, yaani kile kibao kilichosimama kikibeba nyuzi, halikugundishwa; linashikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake. Ndani ya tumbo, karibu na mguu wa daraja ulio upande wa uzi mwembamba, kuna kijiti kinachosimama kati ya ubao wa juu na ubao wa nyuma, nacho hakina gundi. Kikisogea kidogo tu sauti hubadilika, na mtu akilegeza nyuzi zote nne kwa mpigo kinaweza kuanguka. Kuvichonga vitu hivi na kuviweka mahali pake ni kazi ya mkono inayokula muda, na kiwanda kinachotafuta bei ya chini huiruka kazi hiyo mapema kuliko nyingine.

Jina lina mvuto, na mvuto huo ni wa zamani. Antonio Stradivari alifanya kazi Cremona, Italia, hadi alipofariki mwaka 1737. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, karakana na viwanda vya Ujerumani, Bohemia na Ufaransa vilitoa fidla kwa maelfu zikiwa zimebandikwa ndani karatasi yenye jina lake, kuonyesha tu kwamba umbo limeigwa kwake. Nyingi bado zinazunguka sokoni, na anayechungulia kwenye tundu la sauti akalisoma jina lile huanza kuota utajiri. Karatasi ile haithibitishi kitu. Hata fidla za Stradivari zenyewe zimewahi kuwekwa kwenye mizani. Mwaka 2010, huko Indianapolis, watafiti Claudia Fritz na Joseph Curtin waliwapa wapigaji 21 fidla sita, tatu mpya na tatu za mabwana wa zamani wa Italia, wakazipiga kwenye mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya giza. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya. Iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Jaribio la pili, lililofanyika Ufaransa kwa wapigaji kumi wa hadhi ya juu na fidla kumi na mbili, nalo lilionyesha kwamba mpya haikuwa nyuma.

Mtu anaweza kupinga, na ana haki, kwamba fidla mpya za majaribio yale zilitengenezwa na mafundi hodari na bei zake si za duka la mtaani. Ni kweli. Majaribio hayo hayasemi kwamba fidla ya bei rahisi ni sawa na ya ghali. Yanachosema ni kwamba sikio na mkono, vikinyimwa nafasi ya kuona jina, haviufuati umri wala sifa. Kama hali ndiyo hiyo kwa mabingwa, mzazi asiyewahi kushika upinde hana sababu ya kulipia jina.

Basi atazame nini? Aanze na nyuzi. Kwenye kichwa cha shingo, pale nyuzi zinapopita juu ya kijipande chenye mifereji midogo, zinapaswa kuukaribia ubao mweusi wa vidole kiasi cha unene wa kadi. Mwisho wa ubao huo, kwa fidla ya ukubwa kamili, uzi mwembamba wa E huwa juu kwa takriban milimita tatu na nusu, na uzi mnene wa G milimita tano na nusu. Zikiwa juu sana, vidole vya mtoto vitauma na sauti haitakaa sawa hata akifanya mazoezi kutwa. Lawama zitamwendea mtoto, kumbe kosa ni la daraja. Kisha azungushe vigingi: vinapaswa kuzunguka kwa ulaini na kubaki pale vilipoachwa. Kigingi kinachoteleza huigeuza kila siku ya mazoezi kuwa siku ya kutyuni. Miguu ya daraja ikae kwenye ubao wa juu bila mwanya. Na ubao wa vidole uchunguzwe pembeni, kwa kuwa kwenye fidla za bei ya chini mara nyingi ni mti mweupe uliopakwa rangi nyeusi, na rangi hiyo hulika. (Mpingo wetu maarufu ulimwenguni huenda zaidi kwenye klarineti na obo, ubao wa fidla kwa kawaida hutoka kwa mti mwingine mweusi, hivyo muuzaji asikuvutie kwa neno hilo.)

Ukubwa nao haubahatishwi. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto, fidla ikiwa begani. Kiganja kikikifunika kichwa cha fidla huku kiwiko kimekunjika kidogo, inamfaa. Kumnunulia kubwa ili "akue nayo" ni kumfundisha mkao mbaya. Kuhusu upinde, utazamwe kwa urefu wake kama umepinda upande, na skrubu yake ikaze na kulegea bila kukwama. Nywele mpya za farasi hazitoi sauti mpaka zipakwe rozini, ule utomvu wa misonobari uliogandishwa. Wanunuzi wengine huirudisha fidla dukani wakidhani ni bubu. Na nyuzi za chuma zinazokuja na fidla rahisi mara nyingi huwa na sauti kali. Kuzibadilisha kwa nyuzi zenye kiini cha nailoni, aina iliyoenea tangu kampuni ya Thomastik-Infeld ya Vienna ilipotoa Dominant mwaka 1970, kunaweza kuleta nafuu inayosikika siku hiyohiyo.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mafundi wa fidla kwetu ni wachache. Hilo linaipa hoja yangu nguvu zaidi. Pwani kuna joto na unyevu, mbao huvimba na kusinyaa, vigingi hukwama, na gundi ya asili ya ngozi inayoshikilia fidla hulegea ikiachwa ndani ya gari juani. Gundi hiyo ilichaguliwa ili chombo kiweze kufunguliwa na kukarabatiwa. Seremala akitumia gundi yake nyeupe, ukarabati unaofuata unaweza kupasua ubao. Kwa hiyo swali la nani ataitengeneza liulizwe kabla ya kulipa. Zanzibar, ambako fidla imekaa ndani ya taarabu kwa vizazi na kundi la Ikhwani Safaa lipo tangu 1905, wapigaji wenyewe wanajua nani anayeweza kuaminiwa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachofundisha huko huko Zanzibar tangu 2002, ni mahali pengine pa kuulizia. Kwingineko, mwalimu wa mtoto ndiye mshauri wa kwanza.

Kwa yeyote anayejiandaa kununua mwezi huu, ombi langu ni moja: usimalize fedha zote kwenye fidla. Bakiza theluthi, nenda dukani pamoja na mwalimu, na aipige yeye kwanza kabla hujatoa senti.