Kabla ununue simu mpya, uliza itaishi miaka mingapi

UKIINGIA duka la simu pale Luthuli Avenue, Nairobi, utaulizwa una bajeti gani na unataka kamera ya aina gani. Ni nadra muuzaji akuambie simu hiyo itapokea masasisho hadi mwaka gani. Na hilo ndilo swali kubwa siku hizi.

Kwa nini ujali? Simu yako ndiyo pochi yako tangu M-Pesa ianze mwaka 2007. Ndiyo benki, na kama unauza mitumba mtandaoni, ndiyo duka. Masasisho huziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni hupitia. Yakikoma, simu haizimiki. Inawaka kama kawaida, ila umelala mlango wazi na huna habari.

Kampuni zimeanza kushindana hapa. Oktoba 2023, Google iliahidi Pixel 8 miaka saba ya masasisho. Januari 2024, Samsung ikatoa ahadi hiyo hiyo kwa Galaxy S24, kisha mwaka huo huo ikaipa Galaxy A16, simu ya bei ya chini, miaka sita. Lakini chunga: miaka huhesabiwa tangu simu ilipozinduliwa, si siku uliyoinunua. Ukichukua ile ya 'ex-UK' iliyotumika miaka minne, umenunua mkia wa ng'ombe.

Akili unde nayo inahamia ndani ya simu yenyewe. Uzuri wake ni kwamba baadhi ya kazi, kama kutafsiri, zinaweza kufanyika bila bando, na maneno yako hayatoki kwenye simu. Ubaya ni kwamba inakula RAM. Apple, kwa mfano, iliiacha nje iPhone 15 ya kawaida, ikaipa 15 Pro.

Kuhusu betri na chaja, tazama Ulaya. Sheria yao ya chaja moja ya USB-C ilianza kutumika Desemba 2024, na Apple ilikuwa imeshabadilisha tundu la iPhone mwaka 2023, hata kwa simu zinazouzwa huku kwetu. Kuanzia Februari 2027, sheria nyingine inataka betri ambazo mtumiaji anaweza kubadilisha mwenyewe, ingawa zile zinazodumu sana zina msamaha.

Simu za kukunja je? Samsung ilileta Galaxy Fold mwaka 2019, na hadi leo aina hiyo ni ya wenye mifuko mizito. Usikose usingizi.

Basi leo fungua mipangilio ya simu yako, utafute tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama limepitwa na miaka miwili, usiweke pesa nyingi humo. Na kama unapanga kuchukua nyingine ya kulipa mdogo mdogo, hakikisha itaishi kuliko deni lake.