Chakula Salama katika Makao ya Wazee na Vituo vya Kulea Watoto

Wakazi wa kata zetu wana desturi njema ya kuwakumbuka wazee na watoto wanaolelewa katika makao. Baada ya mavuno hupeleka magunia ya mahindi, na baada ya harusi hupeleka masufuria ya pilau iliyobaki. Hisani hiyo haina budi kuambatana na tahadhari, kwa kuwa mwili wa mzee au wa mtoto mchanga hauwezi kustahimili kuhara na kutapika kama wa mtu mzima mwenye afya.

Wengi huamini kwamba chakula kikichemshwa upya huwa salama. Sivyo daima. Mchele hubeba bakteria ambao mbegu zao huhimili kuchemka. Wali ukiachwa nje, mbegu hizo huchipua, na bakteria huzaliana na kutoa sumu isiyoondolewa kwa kupasha moto. Kwa sababu hiyo, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kinachosubiri kuliwa kidumishwe katika joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi. Cha kuhifadhi kigawanywe katika vyombo vifupi ili kipoe upesi, kisha kiwekwe katika jokofu lenye nyuzi 5 au chini yake. Humo, nyama mbichi ikae rafu ya chini, maji yake yasije yakadondokea chakula kilichoiva.

Mahindi na karanga nazo zina hatari inayoshinda moto, yaani sumukuvu, itokanayo na ukungu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kinga yake huanzia shambani: mahindi yakaushwe vyema, yasianikwe juu ya udongo mtupu, na magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Punje zilizoota ukungu zitupwe. Zisipelekwe kinuni wala zisitolewe sadaka.

Basi, mpishi wa makao akikataa pilau iliyolala, asidhaniwe kuwa ana dharau. Analinda uhai aliokabidhiwa. Anayetaka kutoa atoe nafaka kavu na safi, au awasiliane na makao mapema ili chakula kipikwe huko na kuliwa kingali moto. Mwenye shaka amwone Afisa Afya wa kata yake.