Karipio Lina Kanuni Zake

"Endelea! Endelea tu nikuone." Mtoto aliyelelewa Kenya anajua kwamba hapo hajapewa ruhusa ya kuendelea. Mgeni aliyejifunzia Kiswahili darasani angeitii amri hiyo kama ilivyo, akazidi kupiga mpira sebuleni, na yangempata ya kumpata. Neno linasema fanya, maana yake ni koma, na mtoto wa darasa la pili hakosei.

Kauli za namna hii zimejaa vinywani mwa wazazi wetu. Watu wazima wakikutana huzikumbushana na kuvunjika mbavu. Anayechunguza matumizi ya lugha, hata hivyo, huona kwamba karipio lina kanuni, na anayezijua kanuni hizo anaweza kutofautisha kauli inayomrudi mtoto na ile inayomvunja.

Kitengela ni mahali pazuri pa kutegea sikio. Mji huu wa Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara ya Namanga, umeota juu ya nyanda zilizokuwa malisho ya Wamaasai. Viwanda vya saruji na eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje (EPZ) pale Athi River, pamoja na kodi iliyo nafuu kuliko ya Nairobi, vilivuta watu kutoka kila pembe ya nchi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya wakazi 154,000. Katika ploti moja utamkuta Mkamba ukutani kwa Mluo, Mkikuyu juu ya Mkisii, na nyumba nyingi zina mama wa kabila hili na baba wa lile. Hasira ikipanda, lugha inayosikika koridoni mara nyingi ni Kiswahili, maana ndiyo anayoielewa mtoto bila mkalimani.

Chukua jambo la maji. Wengi mjini hapa huyanunua, ama kwa lori ama kwa mtungi. Binti anaoga, bomba linachuruzika bila kukoma, na sauti ya mama inapenya mlango wa bafu: "Oga mama, oga tu! Si baba yako ana mto huko nje?" Kauli fupi, lakini imebeba mambo matatu. "Oga tu" ni amri ya kuacha. "Mama", neno ambalo asubuhi lilikuwa la kumbembeleza, sasa limegeuka onyo, kama vile mgeni mheshimiwa ameingia bafuni na hana budi kuvumiliwa. "Baba yako" ni mume wa msemaji mwenyewe, ila ametolewa katika ndoa kwa muda na kukabidhiwa binti peke yake. Na mto haupo.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyotoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda: kwa maneno tunaahidi, tunaonya, tunabariki, tunashtaki. Miaka 12 baada ya mihadhara hiyo, mwenzake Paul Grice alieleza katika chuo hicho hicho jinsi msikilizaji anavyoifikia maana ambayo haikutamkwa. Watu wanaozungumza, alisema, huchukulia kwamba kila mmoja anachangia mazungumzo kwa nia njema. Mtu akisema jambo lililo uongo wa wazi bila kujificha, msikilizaji hamwiti mwongo, hutafuta alichokusudia. Binti anajua baba hana mto. Mama anajua kwamba binti anajua. Kwa hiyo kauli ya mto haiwezi kuwa taarifa, na kinachobaki ni ujumbe: maji ni pesa, funga bomba. Hesabu hiyo yote huisha kabla povu halijakauka.

Kundi kubwa zaidi katika karipio ni maswali yasiyotaka jibu. "Kwani mimi naokota pesa?" "Kwani huyo aliyekuwa nambari moja ana vichwa viwili?" "Hukufunga mlango, ulizaliwa kwa matatu?" Anayejibu swali kama hilo amejiongezea kosa. Mtego mkubwa ni ule wa maswali mawili mfululizo: "Si naongea na wewe, nijibu!" Mtoto akifungua kinywa: "Ati unanijibu?" Waliokua wanalalamika kwamba hapo hapakuwa na jibu sahihi. Lilikuwepo. Swali la kwanza linadai usikivu, la pili linakataza usawa. Jibu linalotosheleza yote mawili ni macho chini na "pole, mama" ya sauti ndogo.

Kanuni hiyo ina mizizi mirefu katika Kajiado. Wamaasai wana enkanyit, yaani heshima, ambayo ni nguzo ya malezi yao. Mtoto humwinamishia mkubwa kichwa ili aguswe, ndiyo salamu yake, na mbele ya wazee kukaa kimya ni adabu. Lakini mtoto huyo huyo akifika shuleni, mwalimu humtaka ainue uso, amtazame na ajieleze kwa ujasiri. Mengi yanayoitwa kiburi cha watoto wa mjini ni tabia ya darasani iliyofuata mtoto hadi nyumbani. Mzazi anayelijua hili atauliza upya kabla ya kuinua mkono.

Ukoo nao huingizwa kwenye karipio. Mtoto akifaulu ni "mtoto wangu", akivunja dirisha la jirani, mama humpigia mumewe simu: "Njoo uone mtoto wako." Jina nalo hupima hasira. Likiitwa moja, hali ni shwari. Yakiitwa yote matatu, la ubatizo, la kikwao na la baba, ni heri kutafuta viatu. Kwa Wakikuyu jambo hili lina utamu wake. Kwa desturi, mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na wa pili jina la baba wa mama. Mama anayemkaripia huyo wa pili anamkaripia mtu mwenye jina la mzazi wake mwenyewe. Ndiyo maana utasikia maneno makali yakianza kwa unyenyekevu usiotarajiwa: "Baba, wewe utaniua na presha."

Vitisho ndivyo vinavyotaka uangalifu. "Nitakuchapa usahau jina lako." "Nitakutupa hadi Namanga bila kupanda gari." Vina sauti kubwa, lakini havitekelezeki, na hapo ndipo penye siri yake. Katika jamii zetu nyingi, neno la mzazi linaloweza kutimia linaogopwa kuliko fimbo. Wamaasai huamini kwamba laana ya baba, au ya wazee wa olpiron wanaolilea rika la vijana, humwandama aliyelaaniwa. Pwani, mama akitamka kwamba hatoi radhi zake, nyumba nzima huingia baridi. Kwa maoni yangu, tisho lisilowezekana ni mlango wa dharura: linamruhusu mzazi aliyejaa hasira kutoa moshi bila kutamka jambo ambalo hataweza kulifuta.

Tatizo huanza msikilizaji anapokuwa mdogo mno. Utafiti wa ukuaji wa lugha unaonyesha kwamba watoto huanza kuelewa kejeli wakiwa na umri wa miaka 5 au 6 hivi, na uwezo huo huendelea kukomaa kwa miaka kadhaa baadaye. Wa miaka mitatu hana hesabu ya Grice. Ukimwambia "Lia tena!" atalia tena, nawe utamwona mkaidi kumbe ametii. Kwa umri huo sema wazi: "Nyamaza kidogo, unieleze."

Yapo pia maneno ambayo hata mtoto mkubwa hawezi kuyafasiri vinginevyo. "Wewe ni mjinga" haina mto wa kubuni ndani yake; imenyooka, inaaminika, na anayeisema ndiye mtu ambaye mtoto humwamini kuliko wote. "Umekuwa kama baba yako tu" humfanya mtoto ahesabu nusu ya damu yake kuwa kosa. Na "nitakuachia polisi", inayosikika sana sokoni na kwenye steji ya matatu, ni mbaya kwa sababu inawezekana. Mtoto aliyelishwa tisho hilo, siku akipotea katika msongamano wa Kitengela, atajificha akiona sare badala ya kuikimbilia. Vivyo hivyo kwa "daktari atakudunga sindano": mzazi ananyamazisha kilio cha leo na kununua vita vya kliniki ya kesho.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na aina zote za ukatili, na kifungu cha 29 kinakataza adhabu ya viboko kwa mtu yeyote. Anayeshuhudia mtoto akiteswa anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116. Lakini haitungwi sheria ya kumfundisha mama namna ya kusema "funga bomba". Hilo ni letu wenyewe.

Mzazi, kabla ya kufoka jiulize jambo moja: je, mwanangu anaweza kuamini kwamba hili ni kweli? Kama haiwezekani aliamini, kama vile mto wa baba na vichwa viwili vya mshindi, sema, atakuelewa na siku moja atawasimulia wanawe akicheka. Kama anaweza kuliamini, limeze. Karipia kosa, taja kosa lenyewe kwa jina lake, na mtoto umwache mzima.