Mbwa wa sampuli: sura kwanza au afya kwanza?

Wengi wetu tunaosoma Guangzhou tunaijua Zhanqian Road kwa sababu ya mizigo. Jina lenyewe maana yake ni barabara ya mbele ya stesheni, na kweli iko pale pale karibu na stesheni ya treni ya Guangzhou, kwenye maduka ya nguo za jumla. Ukienda kumkalimania mfanyabiashara wa Kariakoo ama Eastleigh, kazi inaanza na sampuli. Anatoa shati, anaweka mezani, anasema nataka hivi hivi. Mwenye duka anabonyeza kikokotoo, mnaanza kuvutana bei. Na shati likitoka na kola kubwa kuliko sampuli, basi shati halisikii maumivu.

Mbwa wa maonyesho naye ana sampuli yake, tena ya maandishi. Vyama vya wafugaji vimeandika kila aina ya mbwa iweje: kimo, kichwa, masikio, mkia, rangi, mwendo. Siku ya mashindano jaji anaangalia kila mbwa amekaribia kiasi gani maandishi hayo. Anayeshinda ndiye anayetafutwa kuzalisha, na watoto wake wanauzwa ghali. Ndiyo maana watu wanauliza: je, sampuli hiyo inajali sura kuliko afya ya mnyama?

Mfano mzuri uko jirani kabisa. Ukitoka Zhanqian kuelekea magharibi unaingia Nanhai, wilaya ya Foshan, na huko kuna Dali, mji unaotajwa kuwa ndiko asili ya Shar Pei, yule mbwa mwenye ngozi ya mikunjo kama shuka lisilopigwa pasi. Jina lake kwa Kichina ni ngozi ya mchanga, maana ukimpapasa anakwaruza kama msasa. Alikuwa mbwa wa kazi, wa kulinda na kuwinda, na pia alipiganishwa. Ngozi iliyolegea kidogo ilimfaa: adui akimng'ata, anageuka ndani ya ngozi yake na kumrudi. Hilo neno "kidogo" tulishike, tutalihitaji.

Baada ya 1949 ufugaji wa mbwa China Bara ulibanwa sana, na Shar Pei wakabaki wachache, hasa Hong Kong na Macau. Mwaka 1973 mfugaji wa Hong Kong, Matgo Law, aliandika katika jarida moja la Marekani akiomba wapenzi wa mbwa wamsaidie kuwaokoa. Wamarekani wakaitikia kweli kweli, na mwaka 1992 chama chao kikuu, American Kennel Club, kikamtambua rasmi. Ila kilichowavutia ni mikunjo. Mwenye mikunjo akapandishwa kwa mwenye mikunjo, kizazi baada ya kizazi, mdomo nao ukanenepa kama wa kiboko. Leo wafugaji wenyewe wanawatofautisha: wa kizamani ni "mdomo wa mfupa", wa kisasa ni "mdomo wa nyama".

Mbwa ndiye anayelipa. Kope zinajikunja kwa ndani na nywele kusugua jicho, hadi vitoto vya wiki chache vinashonwa kope kwa uzi ili macho yasiumie. Katikati ya mikunjo ngozi inabaki na unyevu na kufanya vidonda. Halafu kuna homa ya Shar Pei, inayokuja na kuondoka huku miguu ikivimba, na mwisho wake inaweza kuua figo. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba mikunjo na homa vina chanzo kimoja: kipande cha DNA karibu na jeni iitwayo HAS2 kimejirudia, mwili unatengeneza kupita kiasi ute unaojaza ngozi. Nakala za kipande hicho zikizidi, hatari ya homa nayo inazidi. Jamani, hapo huwezi kusema ni mfugaji mmoja mbaya. Ukichagua mikunjo, umechagua na homa.

Watetezi wa viwango watakuambia maandishi hayana kosa, na kwa sehemu ni kweli. Kiwango cha Shar Pei cha Uingereza kinataka macho yasisumbuliwe na ngozi. Lakini maneno hayo hayamzuii jaji kumpa kombe aliyetia chumvi. Ilibidi BBC ionyeshe filamu mwaka 2008 ndipo Kennel Club ya Uingereza ikarekebisha viwango vingi mwaka 2009. Mwaka 2012, kwenye maonyesho ya Crufts, madaktari wa mifugo waliwapima washindi wa aina 15 zenye mashaka, na sita wakanyimwa ushindi kwa sababu za afya. Shar Pei alikuwa kwenye orodha hiyo, akapita. Mimi naona kipimo cha daktari kina nguvu kuliko sentensi nzuri kwenye karatasi.

Na sisi tunaye wetu: basenji, mbwa wa misitu ya Kongo. (Ndiyo, jina ni ndugu wa "washenzi" letu, tucheke yaishe.) Sura yake haikuharibiwa, lakini wale wa Ulaya na Marekani walitokana na wazazi wachache mno, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikwenda Zaire kutafuta damu mpya vijijini, na mwaka 1990 chama chao kikakubali kuwaandikisha. Yaani mbwa wa kijijini, ambaye hakuna jaji aliyewahi kumtazama, ndiye aliyeitwa kuokoa mbwa wa makombe.

Kama unapanga kununua kitoto cha mbwa ukirudi Nairobi au Dar, uwe wa kibao cha "Mbwa Kali" ama wa kupiga naye picha, usianze na cheti. Omba kumwona mama yake. Mwache akimbie uani, kisha sikiliza anavyopumua. Mwangalie macho, na uliza kama yaliwahi kushonwa.