Sindano Ikishatoka Mwilini

Watu wa Geita wana neno lao: magwangala. Ni mawe ambayo mgodi mkubwa huyatupa kwa kuona hayana dhahabu ya kutosha, na wachimbaji wadogo huyagombea kwa kuwa hawakosi chembe mbili tatu. Katika ukanda ule, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu, kinachotupwa na mmoja huwa riziki ya mwingine. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi, maana hospitali nazo hutupa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila kilo 100 za taka za hospitali, kilo 85 hivi ni za kawaida: karatasi, maganda ya machungwa, ugali uliobaki. Za hatari ni kilo 15 tu. Lakini pamba yenye damu ikitupwa kwenye ndoo ya maganda, ndoo nzima imekuwa ya hatari na lazima yote ichomwe. Tanuri linalohitaji joto la nyuzi 850 na zaidi linalishwa maganda mabichi, moto unafifia, na moshi wa plastiki iliyoungua nusunusu unaweza kuwabebea majirani sumu ya dioksini.

Ndiyo maana muuguzi hufundishwa kutenganisha palepale kando ya kitanda. Ndoo nyeusi ni ya taka za kawaida, ya njano ni ya zile zenye kuambukiza, na nyekundu ni ya zile zinazoambukiza zaidi. Sindano zina boksi lake gumu, nalo hufungwa likijaa robo tatu, si mpaka zichomoze.

Kugawa rangi ni kazi rahisi. Kuacha mazoea ndiko kugumu. Katika zahanati moja mkoani Shinyanga, ambayo sitaitaja, nilimwona muuguzi akichoma sindano kwa ustadi mkubwa, kisha akachukua kile kifuniko na kuirudishia. Nilipomwuliza, akanijibu: "Kaka, mimi nilifundishwa usafi. Siwezi kuacha sindano wazi." Hakuwa mzembe hata kidogo. Lakini hapo pa kurudishia kifuniko ndipo vidole vingi huchomwa. Sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa homa ya ini aina ya B inaweza kuwaambukiza hadi watu 30 katika kila 100 waliojichoma bila kuwa na chanjo. Kwa VVU ni watu 3 hivi katika 1,000. Sisi tunaogopa UKIMWI peke yake! Chanjo hiyo ya ini ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo muuguzi aliyezaliwa kabla ya hapo hana budi kuipata ukubwani, dozi 3.

Aliyejichoma aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue kidole, na atoe taarifa saa ileile. Dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, wala zisivuke saa 72. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa karipio la mkubwa wa kazi, na saa hizo zinapita. Semina isiyomgusa huyo mkubwa wa kazi, kwa maoni yangu, ni posho tu.

Tena yuko mama wa usafi, ambaye mara nyingi ameajiriwa na kampuni ya nje na hayumo kwenye orodha ya semina. Ndiye anayebeba ndoo hizo zote. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Biharamulo, wilaya inayopakana na Chato ya mkoa wa Geita. Hadi ulipotangazwa kwisha mwezi Machi, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa huo. Marburg huambukiza kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, yaani vilevile vilivyomo kwenye ndoo ya mama huyu. Naye afundishwe, apewe mabuti na glovu nene, achanjwe kama muuguzi. Na shimo la nyuma ya wodi liwekwe uzio na kufuli, kwa ajili ya wale waokotaji niliowataja mwanzoni.