Tela la Kwa Mjomba: Kupanda Newala Si Kazi, Kazi Kushuka

Anayetoka Masasi kwenda Newala kusalimia ndugu kwa trekta na tela huhofia kupanda. Njia huyaacha majabali ya Masasi, kisha huukwea ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, ambao sehemu zake za juu kabisa hukaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Lakini kupanda ni kazi ya injini tu. Ikishindwa, mnaweka mawe nyuma ya magurudumu na kupunguza mzigo. Balaa liko kwenye kurudi, na chanzo chake ni ukarimu.

Kwa mila za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama. Safari ya kusalimia basi mara nyingi ni ya kwa mjomba, na mjomba hamwachi mpwa aondoke mikono mitupu. Mnapanda na sukari na sabuni. Mnashuka na magunia ya makopa, mbaazi, korosho kama ni msimu, kuku wawili watatu, na mama mdogo anayeomba lifti hadi Masasi. Uzito unaongezeka palepale mteremko unapoanza.

Tani 1 ikishuka mita 100 kwa wima huku dereva akitegemea breki peke yake, breki hizo hupokea joto la kutosha kuchemsha lita 3 za maji. Trekta, tela na mzigo vikiwa tani 5, na mteremko wa mita 200, hizo ni lita 30. Breki zikichemka hivyo hupoteza mshiko, na matela mengi ya shambani hayana breki zake: yanalisukuma trekta kwa nyuma. Kwa hiyo gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na uiingize kabla mteremko haujaanza, injini izuie mwendo. Klachi usiikanyage. Anayeweka nyutro ili kuokoa dizeli sina la kumshauri.

Pawatila, yaani trekta dogo la mkono, ina mtego wake. Haina usukani, kila mkono una kishikio cha klachi. Kwenye tambarare ukibana cha kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, la kulia linaendelea kuvuta, chombo kinakata kushoto. Mteremkoni, tela likisukuma, mambo hugeuka. Gurudumu ulilolikatia nguvu ndilo linaloachiwa likimbie, la kulia bado limezuiwa na injini, nawe unakwenda kulia. Kijana aliyejifunzia kwenye majaruba ya mpunga hubana upande aliouzoea akajikuta anaelekea korongoni. Kwenye mteremko vishikio hivyo usiviguse. Elekeza kwa kusukuma mpini, mwendo uwe wa mtu anayetembea.

Magunia mazito yakae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Yakirundikwa nyuma, tela huinua sehemu lilipofungwa, na magurudumu ya nyuma ya trekta, ambayo ndiyo yenye breki, hupoteza uzito wa kushikia ardhi. Lami inayotandazwa kwa vipande kati ya Mtwara, Newala na Masasi itaondoa mchanga na mashimo. Mteremko utabaki, na madereva watakimbia zaidi.

Kumkatalia mjomba gunia ni kumtukana, hilo halina mjadala. Lipokee kwa mikono miwili, shukuru, kisha ulipitishe stendi lishuke kwa lori, au umwombe akutunzie hadi safari nyingine. Mama mdogo asikae juu ya magunia, hakuna pa kushika. Apande basi, na nauli umlipie wewe.